Dawa ya Bure Nani Anailipia?



Katika mkutano wa tawi uliofanyika Mchesi, ndugu mmoja anayefanya kazi ya kupakia marobota ya tumbaku aliinua mkono akauliza: "Tunaambiwa hospitali ya serikali ni bure. Mbona mimi kila mwisho wa mwezi nanunua dawa dukani?" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa amelibeba swali hilo nyumbani kwake na hakuwa na pa kulipeleka.

Tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu. Tumewauliza waganga na watunza dawa, na sisi wenyewe tumepanga foleni kama ninyi. Haya tunayoyaandika ni kwa ajili ya ndugu wa viwandani Lilongwe, wa mashamba ya chai na miwa, na ndugu zetu wa Dzaleka ambao wengi wao hufanya ganyu katika mashamba ya Dowa. Msomaji amsomee na mwenzake asiyejua kusoma.

BURE MAANA YAKE NINI

Dawa haioti kama uyoga. Mtu ameitengeneza kiwandani, mwingine ameisafirisha, mwingine ameitunza ghalani. Wote hao wamelipwa. Hapa Malawi mgonjwa anayetibiwa katika kituo cha serikali halipi dirishani, lakini fedha imekwisha kulipwa mahali pengine. Sehemu inatoka katika kodi zetu, yaani kodi ya mshahara na ile kodi tunayoilipa kila tunaponunua bidhaa. Sehemu nyingine, tena kubwa, inatoka kwa wafadhili wa nje. Dawa za malaria, za kifua kikuu na za UKIMWI hasa ndizo zinazotegemea wafadhili.

Kwa hiyo mfanyakazi anapopewa dawa dirishani hapewi sadaka. Anapokea kitu alichokichangia. Na anapoambiwa "dawa hakuna, kanunue", hapo analipa mara ya pili. Tafadhali mlishike neno hilo, maana tutalirudia.

NJIA TATU ZA KUBANA BEI

Serikali maskini inawezaje kuwapa watu wengi dawa? Haiwezi kununua kila kitu kinachotengenezwa duniani. Kuna njia tatu ambazo nchi nyingi huzitumia, na ni vizuri tuzijue.

Njia ya kwanza ni orodha. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, dawa zipatazo 200 tu. Maana yake ni kwamba magonjwa mengi ya watu yanaweza kutibiwa kwa dawa chache zilizochaguliwa vizuri, ambazo zimethibitika kuponya na bei yake inawezekana. Malawi nayo ina orodha yake, na Tanzania na Kenya zina zao. Fedha ya wananchi inatakiwa kwanza inunue dawa zilizo katika orodha, kabla ya kukimbilia dawa mpya zenye makaratasi ya kung'aa.

Njia ya pili ni jina. Dawa moja huwa na majina mawili. Kuna jina la dawa yenyewe, na kuna jina la biashara ambalo kiwanda kimelibandika. Sisi hapa Malawi tumezoea kusema Panado. Panado ni jina la biashara, dawa iliyomo ndani ni parasetamoli. Kidonge cha parasetamoli kilichotengenezwa na kiwanda kingine kikakaguliwa na kupitishwa kinafanya kazi ile ile, ila mara nyingi bei yake ni ndogo, kwa kuwa hulipii tangazo wala jina. Serikali hununua kwa jina la dawa yenyewe. Kiwanda chochote kinachotimiza masharti kinaweza kuomba zabuni, na viwanda vinaposhindana bei inashuka.

Njia ya tatu ni kununua kwa pamoja. Hii mfanyakazi anaielewa upesi, kwa sababu ndiyo chama cha wafanyakazi chenyewe. Mtu mmoja akienda peke yake kwa bwana mkubwa kudai mshahara hasikilizwi. Wakienda mia tano wanasikilizwa. Kituo kimoja cha afya kikienda sokoni kutafuta kopo moja la vidonge 1,000 kitauziwa kwa bei ya mtu mmoja. Nchi nzima ikiagiza kwa mkono mmoja, muuzaji hupunguza. Kazi hiyo hapa kwetu inafanywa na Bohari Kuu ya Dawa, ambayo Wamalawi huiita kwa herufi za Kiingereza CMST. Ina maghala Lilongwe, Blantyre na Mzuzu. Watanzania wana Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Ndugu, msidhani haya ni mambo ya nchi maskini peke yake. Marekani, pamoja na utajiri wake, ina mpango wa serikali wa kuwatibu watu wa kipato kidogo, unaitwa Medicaid. Sheria ya mwaka 1990 iliwaambia wenye viwanda vya dawa kwamba wakitaka dawa zao zilipiwe na mpango huo, wairudishie serikali sehemu ya bei. Tajiri naye anajua kwamba mwenye kuuza asipobanwa hupandisha bei atakavyo.

SOMO LA DAWA ZA UKIMWI

Mtu atasema, hayo ni maneno ya karatasi. Basi tutazame jambo ambalo kila mmoja wetu alilishuhudia katika ukoo wake.

Mwaka 2000, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja zilikuwa zikigharimu kama dola 10,000. Hakuna mfanyakazi wa shamba Afrika nzima aliyeweza kulipa fedha hiyo. Tulizika. Mashamba yalipoteza wachumaji chai, shule zilipoteza walimu.

Mwaka 2001 kampuni ya India iitwayo Cipla ilitangaza kwamba inaweza kuyapa mashirika ya misaada dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kampuni kubwa 39 zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa ajili ya sheria yake ya dawa ziliiondoa kesi mahakamani, baada ya watu wa nchi nyingi kupiga kelele. Mwezi wa Novemba, huko Doha, nchi za dunia zilikubaliana kwamba haki za wenye hati za uvumbuzi zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi maskini kabisa, Malawi ikiwamo, zimepewa ruhusa ya kutozitambua hati hizo kwa upande wa dawa hadi mwaka 2033.

Mwaka 2004 Malawi ilianza kuzigawa dawa hizo bure nchini kote, kwa fedha ya Mfuko wa Dunia. Siku hizi dawa ya mwaka mzima kwa mtu mmoja hununuliwa kwa chini ya dola 50. Angalieni vizuri: dawa imeshuka bei kutoka dola 10,000 hadi chini ya 50, na haikushuka kwa kuwanyima wagonjwa. Imeshuka kwa sababu viwanda vimeshindana, nchi zimenunua kwa wingi, na watu wamedai. Hilo ndilo tunaloliita kupunguza gharama.

KWA NINI RAFU HUWA TUPU

Kama njia zipo na zinafanya kazi, kwa nini tunaambiwa dawa hakuna? Sababu ni nyingi, na si haki kumlaumu muuguzi wa dirishani kwa zote. Naye ni mfanyakazi kama sisi.

Kwanza ni fedha. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini nchi nyingi zimeshindwa kuitimiza. Tena bohari haipewi dawa bure. Inanunua, na hospitali zinaagiza kwake kutokana na fungu lao. Malipo yakichelewa, bohari nayo haina fedha ya kuagiza shehena nyingine.

Pili ni kwacha. Dawa zetu nyingi hutoka nje, hasa India, na hulipiwa kwa dola. Mwezi wa Novemba 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya kwacha, na dola iliyokuwa kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Fanyeni hesabu. Dawa ya dola 100 iliyokuwa ikinunuliwa kwa kwacha 118,000 sasa ilitaka kwacha 170,000. Kama bajeti haikuongezwa, basi zilizopungua ni dawa.

Tatu ni utegemezi. Kwa miaka mingi wafadhili waliweka maghala na malori yao kwa dawa zao, na bohari ya serikali ikawa na yake. Barabara moja, malori mawili, gharama mbili. Na mfadhili anaweza kuondoka. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na nchi zilizokuwa zikilitegemea zikajikuta na pengo.

Nne ni wizi. Dawa zilizonunuliwa kwa fedha ya umma zinaonekana zikiuzwa sokoni. Anayeiba kopo moja la dawa za malaria ameiba matibabu ya kijiji, na anayezinunua kwa kujua humfanyia mwizi soko.

Tano ni hesabu, na hii inatuhusu sisi wagonjwa. Kituo cha afya huagiza kwa kuangalia dawa zilizotumika miezi iliyopita. Sasa, tukisikia kwamba kituo hakina dawa, tunapita moja kwa moja kwenda dukani. Hatuandikwi. Mwisho wa mwezi vitabu vya kituo vinaonyesha wagonjwa wachache na dawa chache zilizotoka. Mtunza dawa hodari huzihesabu pia siku ambazo rafu ilikuwa tupu, lakini wagonjwa wasiofika hawezi kuwahesabu. Oda inayofuata inakuwa ndogo, na dawa zinakwisha mapema zaidi.

Ndugu wa Dzaleka wanaijua taabu hii kupita sisi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kituo chake cha afya hutibu Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na pia Wamalawi wa vijiji vya jirani. Watu wakiongezeka na oda ikabaki ya zamani, hata mganga mwenye moyo mwema hana cha kugawa.

GHARAMA HAIFI, INAHAMA

Sasa turudi kwenye lile neno la kulipa mara ya pili.

Mwenzetu mmoja wa kiwandani alikuwa na presha. Alikuwa akipewa vidonge vyake kliniki, akavimeza, akafanya kazi. Ukaja wakati akaambiwa vidonge hakuna. Mwezi wa kwanza alinunua dukani. Mwezi wa pili ada ya shule ikadaiwa, akaanza kukata kidonge katikati, nusu leo, nusu kesho. Hakumwambia mtu, maana aliona haya. Mwezi wa tatu alianguka karibu na mzani, mkono wa kulia ukafa ganzi. Alilazwa wiki nyingi. Leo habebi robota, mkewe ndiye anayetafuta ganyu, na mtoto wao mkubwa ameacha shule. Mwajiri alimlipa siku alizofanya kazi, basi.

Tuulizane: ni nani aliyeokoa fedha hapo? Vidonge vya presha vilivyo katika orodha ni miongoni mwa dawa rahisi. Serikali haikutumia fedha ya vidonge, lakini ilitumia kitanda, chakula, waganga na sindano kwa wiki nyingi. Kiwanda kilipoteza mtu aliyeijua kazi. Na nyumba moja ilipoteza mshahara. Gharama ya vidonge haikufa. Ilihama kutoka kwa serikali ikamwangukia mfanyakazi, na njiani ikaota mbegu.

Tena inapomwangukia, inamwangukia kwa bei ya rejareja. Zile njia tatu zote zinapotea. Dukani ananunua peke yake, vidonge kumi kumi, kwa jina la biashara aliloandikiwa.

Na kuna hasara nyingine ya kununua nusu dozi. Zamani malaria ilitibiwa kwa klorokwini, dawa ya bei ndogo sana. Vijidudu vikaizoea, na mwaka 1993 Malawi ikawa nchi ya kwanza Afrika kuiacha na kuhamia Fansidar na wenzake. Nayo ikazoeleka, na tangu mwaka 2007 tunatumia LA, ambayo ni ghali zaidi ya hizo mbili. Dawa inapotumiwa ovyo hatuchomi tu fedha ya leo, tunalazimisha kesho inunuliwe nyingine ya bei kubwa.

TUFANYE NINI

Chama si hospitali, lakini kuna mambo ambayo chama na mwanachama wanaweza kuyafanya.

1. Uandikwe. Hata ukisikia dawa hakuna, nenda kituoni, uonwe, na jina la dawa liandikwe katika kitabu chako cha hospitali pamoja na kwamba haikupatikana. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wetu.

2. Uliza jina la dawa yenyewe. Mwambie mganga kwa heshima: "Daktari, hii ipo katika orodha ya serikali? Kama haipo, kuna nyingine inayofanya kazi hii?" Na dukani uliza kama kuna dawa hiyo hiyo ya bei nafuu. Si aibu. Hata serikali inanunua hivyo.

3. Usikate kidonge kwa kukosa fedha bila kumwambia mganga. Pengine anaweza kukubadilishia dawa au kukuelekeza hospitali ya wilaya ambako ipo. Akinyamaza mgonjwa, ugonjwa haunyamazi.

4. Nunua katika duka lenye kibali. Mamlaka ya dawa, PMRA, ndiyo inayotoa vibali. Tazama tarehe ya mwisho ya kutumika. Dawa iliyotandazwa juani sokoni, hata ikiwa ya bei ndogo, huenda imekwisha nguvu au imeibiwa.

5. Tuingie katika kamati za vituo vya afya. Kamati hizi zipo, na moja ya kazi zake ni kushuhudia dawa zinapopokelewa. Lori likifika, wanakamati wahesabu makopo na kulinganisha na hati. Mfanyakazi wa ghala anajua kuhesabu mizigo kuliko mtu yeyote. Kwa nini tawi la Mchesi lisipeleke watu Kawale au Bwaila, na wenzetu wa mashambani wakapeleka watu katika vituo vya kwao?

6. Malalamiko yafuate njia. Hospitali za serikali zina maofisa waliowekwa kupokea malalamiko ya wagonjwa. Barua moja yenye saini arobaini, tarehe, na majina ya dawa zilizokosekana, ina uzito kuliko matusi ya dirishani.

7. Mwajiri naye abebe lake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtwisha mwajiri gharama za matibabu ya mtu aliyeumia kazini. Kidole kikikatwa na mashine, au ukipata sumu ya dawa ya kunyunyizia shambani, usikubali kupelekwa dukani kwa fedha yako. Tunza risiti, mjulishe mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Na tunapoandika mkataba mpya na mwajiri, tudai kifungu cha dawa: zahanati ya shamba au ya kiwanda iwe na dawa za malaria, presha na sukari, zinunuliwe kwa majina ya dawa zenyewe, na mfanyakazi apewe ruhusa yenye malipo siku ya kliniki. Kwa mwajiri, kopo la vidonge ni nafuu kuliko kumfundisha kazi mtu mpya.

8. Mashina yaweke hesabu. Kila shina liwe na daftari moja. Kila mwezi liandike: wanachama wangapi walikosa dawa, dawa gani, kituo gani, walilipa kiasi gani dukani. Tusiandike ugonjwa wa mtu pamoja na jina lake, maana siri ya mgonjwa ni yake. Baada ya miezi sita tutakuwa na hesabu ambayo hakuna ofisa atakayeweza kuiita porojo.

Ndugu, yule aliyeuliza swali alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu letu ni hili. Dawa ya serikali imelipiwa, na kuna njia za kweli za kuifanya iwe ya bei ndogo. Anayesema "tumepunguza gharama" hali rafu iko tupu, hajapunguza kitu. Amemhamishia mzigo mtu wa mwisho katika foleni. Tukiwa mmoja mmoja tutaendelea kukata vidonge katikati. Tukiwa pamoja tunaweza kuhesabu makopo, kuandika barua na kuweka kifungu katika mkataba.

Daftari la shina la Mchesi limekwisha funguliwa. Mstari wa kwanza umeandikwa na yule ndugu aliyeinua mkono. Mashina mengine nayo yafungue.

Umoja ni nguvu.